Dakika ya Mashine Sitini

Mama yake Kengele aliweka kiganja juu ya spika, akafumba macho, akatulia kwa muda wa kumenya kitunguu kimoja. Kisha akaondoa mkono na kuufuta kwenye gauni lake kama aliyeshika samaki aliyelala.

“Hiyo mashine haina uzi,” akasema.

Alisema kwa sauti ya juu, maana hakuwa na nyingine. Miaka kumi na tisa ya kusimama katikati ya mashine sitini za kufuma ilikuwa imemnyang'anya masikio yote mawili, la kushoto likitangulia, la kulia likifuata kama mtoto anayemfuata mamake sokoni. Tangu hapo aliongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, na majirani walizijua habari zote za nyumba ile bila kutega sikio.

Kengele alikuwa ameketi sakafuni, waya zimemzunguka kama kuku aliyenaswa kwenye wavu. Wiki tatu nzima alikuwa ameichukua sauti ya mashine moja na kuizalisha mpaka zikawa sitini, kila moja ikiipisha nyingine kidogo, kama watu wanaotembea pamoja bila kwenda sawa. Na huyu mama, asiyesikia hata mlango ukigongwa kwa nyundo, anamwambia amekosea.

Aligeuka ili mama aione midomo yake. “Unajuaje?”

“Najuaje? Wewe ukipanda ngazi najua umevaa viatu gani. Nitashindwa kuijua mashine?” Mama alipiga meza kwa kiganja: kushoto, kulia, katikati. “Panya anakimbia huku, anagonga. Anarudi huku, anagonga. Halafu mbao inapiga nguo. Hapo kuna nguo, mwanangu! Inatua. Ni kama kumpiga mtu aliyevaa koti. Hii yako inapiga mifupa.”

Panya ndilo jina ambalo wanawake wa kiwandani walikipa kile kipande cha mti chenye ncha mbili kinachobeba uzi kutoka upande mmoja wa mashine hadi mwingine, mara mia na zaidi kwa dakika. Kengele alilijua jina hilo kabla ya kujua kuwa kuna panya wa aina nyingine.

“Na kitu kingine,” mama akaongeza. “Mashine yenye uzi husimama. Uzi ukikatika, inanyamaza, unakimbia, unaunga, unaiamsha. Hiyo yako imekwenda tangu tumeanza na haijasimama hata mara moja. Inafuma nini? Upepo?”

Mama alikuwa amesema kweli. Mashine zile zote ziling'olewa kiwanda kilipofungwa, zikauzwa kama vyuma chakavu. Ilibaki moja tu, kwenye chuo cha ufundi, imewekwa chumba cha mbele ili wageni waitazame. Mwalimu wa pale alimwashia kwa hisani yake, akaiacha iende dakika kumi. Ilikwenda vizuri, imepakwa mafuta, inang'aa. Uzi nani angeufunga? Hakuna aliyejua kuufunga.

Mlango ulifunguka, akaingia Mama Mdogo na mfuko wa nyanya. Huyu alikuwa mdogo wake mama, naye alifuma miaka kumi na miwili, akatoka na sikio moja zima. Aliliita sikio lake la kazi, na popote alipokaa alilitanguliza kama dereva anayetoa kiwiko dirishani.

“Nimekutana na yule jirani wa chini,” alisema. “Ameniuliza, huyu mtoto wenu anaimba? Nikamwambia hapana. Anapiga ngoma? Hapana. Sasa anafanya nini humo ndani kutwa? Nikamwambia, anapiga kelele, lakini kwa diploma.”

“Mama Mdogo!”

“Sijakutukana. Ulizaliwa ukipiga kelele bila diploma. Jina la Kengele nani alikupa? Mimi. Ulilia usiku kucha, ukoo mzima macho, na aliyelala ni mmoja tu.” Alimwelekezea kidole dada yake, aliyekuwa ameisoma midomo ile tangu neno la kwanza na sasa alikuwa akicheka.

“Sikulala,” mama alisema. “Nilikuwa nakushika kifua. Ukilia kifua kinatetemeka. Nilikusikia kwa mkono.”

*

Kiwanda chenyewe kilikuwa bado kipo. Kuta zilipakwa rangi nyeupe, madirisha yakatiwa vioo vipya, na mlangoni pakawekwa bamba la shaba: Ukumbi wa Sanaa. Chumba kikubwa cha kufumia ndicho kilichokuwa ukumbi. Sakafu ilikuwa ileile ya mbao nene, na chini yake palikuwa na ghala tupu, pango refu lililokuwa likihifadhi majora ya nguo. Ukitazama vizuri kati ya mbao uliona matundu yaliyozibwa kwa nta, manne manne, safu kwa safu. Hapo ndipo mashine zilipofungwa kwa boliti.

Kengele alikuwa amechaguliwa kufungua ukumbi huo, Jumamosi saa kumi alasiri. Aliandika barua mwenyewe, akaeleza sanaa yake kwa lugha yake, bila kuazima neno hata moja la kujipamba: nitaleta sauti ya chumba hiki ilivyokuwa, na nitaionyesha ukutani kwa macho. Walimkubalia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa jukwaa lenye mlango. Kabla ya hapo alipiga kwenye gereji ya rafiki na mara moja chini ya daraja, watazamaji tisa na mbwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katikati ya sakafu kuna bati jembamba limelazwa juu ya miguu minne mifupi. Juu ya bati amepepeta unga mweupe. Sauti ikipanda, bati linatetemeka, na unga unakimbia wenyewe na kujipanga: mistari, duara, nyota, maumbo ambayo hakuna mkono ulioyachora. Juu ya bati inaning'inia kamera, na projekta inaitupa picha yake ukutani, kubwa kama nyumba. Sauti inaanza chini kabisa, mashine moja. Inapanda taratibu kwa robo saa. Na mwishoni kuna dakika moja, dakika moja tu, ambapo mashine zote sitini zinasikika kwa ukali uleule walioishi nao mama na wenzake saa nane kwa siku. Mlangoni kila mgeni angepewa pamba za masikio.

Kwa Kengele, mengine yote yangeweza kupunguzwa. Robo saa ingeweza kuwa dakika kumi, ukuta ungeweza kuwa shuka. Dakika ile ndiyo kazi. Alikuwa na miaka ishirini na minne ya kuishi na mtu aliyechukuliwa na sauti ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuisikia. Hakuna aliyeirekodi. Aliyetoka mle alitoka na mlio masikioni na barua ya shukrani.

*

Siku ya mazoezi, Alhamisi, walikwenda watatu. Meneja wa ukumbi aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa kijana nadhifu, viatu vyake vikilia kidogo kila hatua, na alikuwa na tabia ya kusifu kabla ya kukata, kama kinyozi.

“Dada, nimesikiliza ulichotuma. Kizuri mno. Unga ule, mimi nywele zilinisimama. Tuna vijambo viwili vidogo tu.”

“Navisikia.”

“Hizo pamba. Mgeni anafika amevaa vizuri, anapewa pamba mlangoni kama anaingia hospitali. Haipendezi. Cha pili, ile dakika ya mwisho. Tuipunguze. Iwe sauti ambayo mtu anaweza kumnong'oneza mwenzake na akasikika.”

“Humu ndani hakuna aliyenong'ona na akasikika kwa miaka arobaini,” Kengele alisema.

“Ndiyo, lakini hii ni sherehe. Na mgeni rasmi ni Mkurugenzi.” Alishusha sauti kwa heshima. “Mkurugenzi wa zamani wa kiwanda. Yeye ndiye aliyetutolea jasho mpaka jengo likapona. Hatutaki aonekane kama… unanielewa. Kama anashtakiwa.”

“Mashine hazimshtaki mtu. Zinapiga tu.”

“Basi zipige polepole.” Alitabasamu, na tabasamu likabaki mdomoni baada ya kwisha machoni. “Dada, nina wasanii sita kwenye orodha wanaoomba Jumamosi hiyo. Usinilazimishe.”

Kengele aliinama, akachomeka waya wa spika. Meneja alilichukua hilo kuwa ndiyo, akamgonga bega, akaenda mwisho kabisa wa ukumbi alikokuwa fundi umeme, juu ya ngazi, akifunga taa. Wakazungumza pale, hatua hamsini mbali, sauti ya chini. Kengele hakusikia chochote. Mama Mdogo alitanguliza sikio la kazi, naye hakusikia chochote.

Mama alikuwa amesimama akiwatazama.

“Anamwambia,” mama alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alijitahidi kushusha sauti, ikawa sauti ya mtu wa kawaida, “anamwambia, akipandisha tu, spika zote uzime. Usiningoje mimi. Fundi anauliza, na projekta? Anasema, projekta acha, picha haina neno. Halafu anasema, wale mama zake wasikae mbele.”

Mama Mdogo aliguna. “Dada, umeona yote hayo?”

“Nilikuwa nasoma umbeya wako safu tisa mbali na panya sitini wakiruka katikati. Huyu mmoja amesimama kwenye mwanga!”

Ndivyo walivyoishi mle ndani. Kwa kuwa sauti ya mtu haikufua dafu mbele ya mashine, wanawake walijifunza kusema kwa midomo bila kutoa sauti, wakitanua kila neno, wakisaidia kwa mikono. Walitaniana, walisutana, walipanga harusi, walimcheka msimamizi mbele ya uso wake, naye asijue. Wengi walipotoka hawakuwa na masikio, lakini lugha ile ilibaki nzima.

Kengele alikaa kwenye kisanduku cha spika. “Atanizima,” alisema. “Nitapanda robo saa nzima, nifike mlangoni kabisa, anizime. Watapiga makofi wakidhani ndiyo imeisha.”

“Unaweza kupunguza,” Mama Mdogo alisema taratibu. “Ukapata jukwaa leo, kesho ukapandisha kwingine. Aliyekupa ndoo ndiye mwenye kisima, mwanangu.”

“Kwingine wapi? Hizo mashine hazikuwa kwingine.”

Mama alikuwa hawasikilizi, yaani hakuwa akiwatazama. Alikuwa anatembea juu ya sakafu, kichwa chini, akihesabu matundu ya boliti kwa ncha ya kiatu. Safu ya kwanza. Safu ya pili. Alifika mahali fulani, akageuka kidogo, akasimama miguu imeachana, mguu wa kulia mbele. Mwili wake wote ulibadilika. Mabega yalishuka, mikono ikajua pa kukaa. Kisha akapiga mguu chini.

Ghala tupu lililo chini likajibu. Kwenye bati, katikati ya ukumbi, unga ukaruka.

Fundi umeme aligeuka juu ya ngazi. Meneja naye aligeuka.

“Panya!” Kengele aliwaambia kwa furaha. “Ameona panya.”

*

Usiku na mchana wa Ijumaa Kengele alifuta kazi ya wiki tatu. Hakuacha hata sekunde ya ile mashine ya chuo. Alimkalisha mama kwenye meza ya jikoni, akabandika chini ya ubao maiki ndogo bapa kama kitufe cha koti, inayosikia mbao badala ya hewa, akamwomba apige. Mama alipiga kwa mafundo ya vidole kushoto, mafundo ya vidole kulia, na kwa kitako cha kiganja katikati, juu ya taulo iliyokunjwa. Hiyo ndiyo nguo. Baada ya mapigo kadhaa alinyamaza ghafla, vidole vikachezacheza hewani, vikaunga uzi usioonekana, akaanza tena.

“Hii ni namba kumi na mbili,” alieleza. “Ilikuwa inachechemea. Hii sasa ni ya shangazi yake yule mwenye duka. Ilikuwa na haraka, kama mwenyewe.”

Kengele alimtazama akipita mashine moja baada ya nyingine, na akaona aibu ya aina yake. Alikwenda kutafuta sauti hii chuoni, akapanda mabasi mawili, akaomba kibali kwa barua. Muda wote ilikuwa imekaa jikoni, ikimenya vitunguu.

“Mama,” alisema akimgusa mkono ili atazame. “Kesho sitaki kukurekodi. Kesho utapiga mwenyewe.”

“Mbele ya watu?”

“Mbele ya Mkurugenzi.”

Mama alifikiri. “Nitavaa viatu vizito,” alisema.

Mama Mdogo alishatoka zamani kwenda kuwatafuta wenzake. Alizunguka mtaa kwa mtaa na sikio lake mbele. Wengine walikuwa wamehama, wengine wamelala kaburini, mmoja alisema magoti yake hayataki siasa. Wakapatikana kumi na mmoja.

*

Jumamosi saa kumi, ukumbi ulijaa. Mlangoni alisimama Mama Mdogo na bakuli la pamba, na hakuna aliyethubutu kumwondoa, kwa sababu kila Meneja alipomsogelea alimgeuzia lile sikio bovu.

“Chukua, baba, chukua. Weka mfukoni, itakufaa. Sisi hatukupewa.”

Mkurugenzi alifika akiwa na fimbo, mzee mrefu wa suti ya kijivu. Alitazama bakuli, akamtazama Mama Mdogo. Labda alimkumbuka, labda hakumkumbuka.

“Ni za nini?”

“Ni za kuchagua, Mzee. Kuchukua au kuacha. Sisi hata kuacha hatukupata.”

Alipita bila kuchukua.

Wale mama kumi na mmoja hawakukaa mbele, kama Meneja alivyotaka. Hawakukaa kabisa. Walijitawanya ukumbini kama watu waliokosa viti, mmoja karibu na nguzo, wawili dirishani, mmoja nyuma ya kiti cha Mkurugenzi. Mtu asiyejua angedhani wamesimama ovyo.

Taa zilipungua. Mama aliketi mbele ya ubao wake wenye maiki, Kengele kando yake kwenye meza ya sauti, vidole juu ya vitufe. Ukutani ukatokea uwanja mweupe wa unga.

Mama alipiga. Kushoto, kulia, katikati. Mashine moja, yenye nguo ndani. Unga ukashtuka, ukajikusanya mstari mmoja mwembamba. Kengele aliyashika mapigo yale, akayarudisha mara mbili, mara nne. Mstari ukapasuka ukawa mawimbi. Watu waliacha kukohoa. Mashine kumi, mashine ishirini, na kila moja ikisimama kwa wakati wake na kuamka kwa wakati wake, hata chumba kikawa kinapumua. Ukutani unga ulijipanga duara ndani ya duara, ukavunjika, ukajipanga upya kwa haraka zaidi. Mwanamke mmoja kwenye safu ya tatu aliweka pamba masikioni bila kuondoa macho ukutani. Kisha mumewe. Kisha safu nzima.

Dakika ya kumi na nne, Kengele alimtazama Meneja. Meneja alitikisa kichwa: hapana. Lilikuwa jambo lililo wazi kabisa, halikuhitaji msomaji wa midomo. Kengele alimtazama kwa muda wa kutosha ili asije akasema baadaye kwamba hakuonekana. Kisha akasukuma vitufe vyote mpaka mwisho.

Sauti iliinuka kama mnyama. Ilidumu labda sekunde nne. Halafu spika zikafa.

Ukimya ulioanguka ulikuwa mzito, wa aibu, ule wa mtu aliyeteleza mbele ya wageni. Mikono miwili mitatu ilianza kupiga makofi. Meneja alikuwa tayari anainuka, tabasamu usoni, kuja kushukuru.

Ila kulikuwa na kitu kimoja kilichoendelea. Tak. Tak. Dum. Mama alikuwa bado anapiga, kwa mikono mitupu juu ya mbao, mdogo kabisa katika chumba kile kikubwa. Yeye hakuusikia ukimya.

Kisha nyayo zake zikamwambia kuwa sakafu imelala. Aliinua kichwa. Hakumtazama Meneja wala Kengele. Aliwatazama wenzake, mmoja mmoja, kwenye nguzo, dirishani, nyuma ya suti ya kijivu, na akatanua midomo yake bila sauti hata chembe. Kengele, aliyelelewa kwa lugha hiyo, aliyasoma maneno kutoka ubavuni.

Washeni mashine.

Wanawake kumi na mmoja waliokuwa wamesimama ovyo hawakuwa wamesimama ovyo. Kila mmoja alikuwa kati ya matundu yake manne, miguu imeachana, wa kulia mbele. Wakapiga. Viatu vizito juu ya mbao nene juu ya ghala tupu. Chumba kiliruka. Ukutani unga ukapanda kama moshi, ukashuka, ukajipanga nyota yenye ncha nyingi kuliko Kengele alivyowahi kuona kwenye mazoezi yake yote, kwa sababu spika zilikuwa hazijawahi kufika huko. Mama Mdogo aliweka bakuli chini, akakimbilia nafasi yake safu ya nne, wakawa kumi na wawili. Mama akasimama, akasogeza kiti, wakawa kumi na watatu. Vioo vipya vya madirisha vilianza kulia vyenyewe. Nguzo ziliingia. Viti vya watu viliingia. Kengele aliacha vitufe vyake visivyo na kazi, akavua viatu vya raba visivyofaa kitu, akachukua kisanduku kimoja cha mbao cha spika zilizokufa, akakipiga kwa ngumi zote mbili.

Haikuwa sitini. Lakini hakuna aliyekuwa anahesabu. Mkurugenzi alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili na fimbo ilikuwa inamtetemekea mpaka kwenye viwiko. Aligeuka kumtafuta mtu, akakutana uso kwa uso na mfumaji aliyekuwa nyuma yake, naye hakupunguza wala hakuongeza.

Meneja alifika katikati akipunga mikono. Kinywa kilikuwa wazi, mishipa ya shingo imemtoka. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote na hakuna mtu hata mmoja ukumbini aliyesikia neno, isipokuwa wale kumi na watatu, ambao walilisoma wote kwa pamoja, na wote kwa pamoja wakacheka bila kuacha kupiga.

“Sema kwa sauti, mwanangu!” mama alimjibu, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto, iliyokata chumba kizima. “Hatukusikii!”

Dakika ilipokwisha, mama aliinua mkono, kama msimamizi wa zamu alivyokuwa akiinua. Miguu ikasimama mara moja. Unga ulitua taratibu. Masikio ya watu wote yalikuwa yanalia ule mlio mwembamba, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaogundua kuwa mlio huo hauna pa kuzimiwa.

Makofi yalikuja yamechelewa na hayakuwa ya wote. Baadhi walitoka wamekunja uso. Mkurugenzi alitoka, akapita kando ya bakuli, akasimama, akatia mkono, akachukua pamba kidogo. Alikwenda nayo ndani ya ngumi. Alitaka kuifanyia nini, hakuna aliyemuuliza.

“Hutakanyaga tena hapa,” Meneja alimwambia Kengele, sauti imemkauka. “Sikia vizuri. Hutakanyaga! Na huu unga wote sakafuni, nani atafagia?”

“Mwenye sakafu afagie,” Mama Mdogo alisema. “Sisi tulifagia miaka yetu, tukamaliza.”

Fundi umeme aliwabebea bati mpaka nje bila kuombwa. Kwenye ngazi aliweka mzigo chini, akajikuna kichwa. “Mimi niliambiwa spika,” alisema. “Miguu sikuambiwa.”

Jua lilikuwa bado juu, barabara imejaa watu. Wale mama waliagana kwa midomo na mikono, wakatawanyika. Kengele alikuwa na joto mwilini la mtu aliyeshinda na aliyefukuzwa, akitembea kando ya mama yake. Kitu kimoja kilikuwa kinamla. Alimgusa mkono.

“Yule wa dirishani, mwembamba. Aliacha kupiga katikati ya dakika. Wengine wanapiga, yeye ametulia, kama mara mbili. Alichoka?”

Mama alimwangalia kwa mshangao, kama aliyeulizwa jua linatokea wapi.

“Achoke nini? Ile ni namba kumi na mbili. Uzi ulikatika.”